Kabla ya kuikabidhi kompyuta muhuri wa serikali: barua ya wazi kwa mawaziri

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu, afya, hifadhi ya jamii na teknolojia ya habari, Tanzania na Kenya.
Nakala: mamlaka za ununuzi wa umma, mabaraza ya mitihani na taasisi za ulinzi wa data.

Waheshimiwa,

Swali linalopendwa sasa katika makongamano ya teknolojia ni moja: je, kompyuta itampita binadamu kwa kufikiri? Huulizwa jukwaani, wageni waalikwa hulijibu kwa tabasamu, kisha muda wa chai hufika. Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kuunda na kupima programu hizo, wengine kwa upande wa hesabu, wengine kwa upande wa isimu ya Kiswahili. Tunaona swali hilo limemeza muda uliostahili swali jingine lililo karibu zaidi na meza zenu: mashine hii, kwa kazi hii, kwa lugha hii, inakosea wapi, na inapokosea nani anaumia?

Tuanze kwa kulijibu lile la jukwaani.

Zipo kazi ambazo kompyuta imeshatupita. Mei 1997, jijini New York, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa ikipekua takriban nafasi milioni 200 za mchezo kwa sekunde. Machi 2016, jijini Seoul, programu ya AlphaGo ilimfunga Lee Sedol, mmoja wa wachezaji bora duniani, michezo 4 kwa 1 katika Go, mchezo wa ubao wa kuzingirana kwa mawe, ambao wajuzi wengi walidhani kompyuta ingechukua bado miaka mingi kuumudu. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold 2 ilikisia maumbo ya protini kwa usahihi unaokaribia ule wa maabara, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Julai 2025 programu za Google DeepMind na OpenAI, kila moja kivyake, zilipata alama 35 kati ya 42 kwa maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, kiwango cha medali ya dhahabu. Zote mbili zilikwama kwenye swali la sita.

Angalieni kinachounganisha ushindi huo. Sataranji ina kushinda na kushindwa. Uthibitisho wa hisabati unakaguliwa mstari kwa mstari. Umbo la protini linalinganishwa na kipimo cha maabara. Palipo na mwamuzi wa namna hiyo, mashine hujaribu mara mamilioni, hupewa alama kila mara, na hujirekebisha. Mwamuzi huyo hayupo pale mnapoamua kama kaya fulani ya Kishapu inastahili ruzuku, kama insha ya mwanafunzi wa Kwale ina hoja, au kama maumivu anayoyaeleza mgonjwa kwa simu yanaweza kungoja asubuhi.

Kuhusu siku zijazo, watabiri wamekosea kwa pande zote mbili. Mwaka 1957 Herbert Simon, ambaye baadaye alipata Nobel ya Uchumi, alisema kompyuta itakuwa bingwa wa sataranji ndani ya miaka kumi, ilichukua arobaini. Kwenye Go wengi waliona mbali sana kumbe ni karibu. Na watu watatu waliogawana Tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, wamegawanyika: Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio wanaonya kwamba mashine zitakazotupita zinakuja na zinahitaji kudhibitiwa mapema, Yann LeCun anasema modeli za lugha za sasa, kama zile zilizo nyuma ya ChatGPT, hazitafika huko kwa njia hii. Sera ya serikali haiwezi kusimama juu ya ugomvi ambao wenye fani wenyewe hawajaumaliza. Na yeyote kati yao akiwa sahihi, kazi tunayoieleza hapa chini haipungui.

Sasa hoja yetu. Mifumo iliyowaumiza raia kwa maelfu hadi leo haikuwa mashine zilizotushinda akili. Ilikuwa mashine dhaifu zilizopewa muhuri.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Australia, mfumo uliokuja kuitwa Robodebt. Wapokeaji wa posho za serikali walitakiwa kueleza kipato chao kila wiki mbili. Mfumo ulichukua kipato cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ukakigawa sawasawa kwa vipindi 26, kisha ukalinganisha na yale waliyoyaeleza. Fikirieni mtu aliyefanya kazi nusu mwaka kwa dola 2,000 kila wiki mbili, kisha akakosa kazi nusu ya pili na kupokea posho kihalali. Jumla yake ni dola 26,000. Mfumo unaandika 1,000 katika kila kipindi, ikiwemo miezi ambayo hakuwa na senti, na anaonekana mwongo anayedaiwa. Mamia ya maelfu ya madai yalitumwa hivyo, na mzigo wa kuthibitisha ukaangukia raia, ambaye alitakiwa kutafuta hati za mishahara za miaka ya nyuma. Serikali ilikiri mahakamani mwaka 2019 kwamba utaratibu huo haukuwa halali, na Tume ya Kifalme ya uchunguzi ikatoa ripoti yake Julai 2023. Hesabu iliyofanya yote hayo ni kugawanya kwa 26. Karani yeyote mwenye kalamu angeliona kosa kwenye faili la kwanza, lakini faili hazikuwa zikipitia kwa karani tena.

Uingereza, mwaka 2020, mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona na kanuni ya kompyuta ikatumika kurekebisha alama zilizokadiriwa na walimu. England peke yake, karibu asilimia 39 ya makadirio ya walimu ya A-level, mtihani wa kumaliza sekondari, yalishushwa. Kanuni ilitegemea historia ya shule: mwanafunzi bora katika shule ambayo kwa miaka hakuna aliyepata alama ya juu alishushwa ili alingane na waliomtangulia. Madarasa madogo sana yaliachwa na alama za walimu wao, na madarasa madogo yalikuwa mengi zaidi katika shule za kulipia. Ndani ya siku chache baada ya matokeo kutoka, tarehe 17 Agosti, kanuni hiyo iliondolewa. Uholanzi nako serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021 baada ya maelfu ya wazazi kusingiziwa udanganyifu wa posho za malezi ya watoto. Tunayataja haya kwa sababu mabaraza yetu ya mitihani na mifuko yetu ya jamii itaonyeshwa mifumo ya aina hiyohiyo, ikiwa na jina jipya la akili mnemba (AI), au akili unde kama wengine wanavyoiita.

Mtasema: hizo zilikuwa hesabu duni, mashine za leo ni nyingine. Ni kweli ni nyingine. Udhaifu wake ndio mgumu zaidi kuuona.

Turudi kwenye Go. KataGo ni programu inayocheza kwa kiwango kinachowapita mabingwa wa kibinadamu. Mapema mwaka 2023 ilitangazwa kwamba Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa kutoka Marekani, ameifunga michezo 14 kati ya 15. Mbinu aliyotumia iligunduliwa na programu nyingine iliyotengenezwa mahususi kutafuta udhaifu, na binadamu aliweza kujifunza kuitumia peke yake bila kompyuta mkononi. Mchezaji anajenga polepole duara la mawe yake kulizunguka kundi la mpinzani, huku akimshughulisha kwenye pembe za ubao. Mchezaji wa kawaida angeshtuka mapema kwamba anazingirwa. Programu haikushtuka hata duara lilipokaribia kufungwa. Walipojaribu kuziba tundu hilo kwa kuifundisha upya, mbinu nyingine za kuishinda zikapatikana.

Hapa ndipo swali la jukwaani linapopotosha. "Kumpita binadamu" ni kauli kuhusu wastani, na wastani wa KataGo ulikuwa juu ya binadamu wote. Ofisi ya umma haiendeshwi kwa wastani, maana anayeangukia kwenye tundu ni mtu mmoja mwenye jina, na mjanja akishalijua tundu hilo atarudi nalo kila siku.

Modeli kubwa za lugha, zile zinazojibu maswali kwa sentensi nzuri, zina matundu yake, na kwa Kiswahili ni mengi zaidi kwa sababu zinazoeleweka. Ya kwanza ni chakula zilicholishwa. GPT-3, modeli ya OpenAI ya mwaka 2020, ilifunzwa kwa maandishi ambayo karibu asilimia 93 ya maneno yake ni ya Kiingereza. Llama 2, modeli ya kampuni ya Meta ya mwaka 2023, ilifunzwa kwa tokeni trilioni 2, yaani vipande vya maneno tutakavyovieleza hapa chini. Kiingereza kilichukua asilimia 89.7, na watengenezaji walipoorodhesha lugha zilizofikia angalau asilimia 0.005, Kiswahili hakikuwemo. Modeli zilizofuata zimeongeza lugha nyingine na Kiswahili chake kinasomeka vizuri. Ufasaha huo ndio unaotutia shaka. Zamani mashine ilipokosea Kiswahili ilikosea kila kitu, mtu akacheka akaacha. Leo inaandika sentensi safi yenye habari mbovu.

Ya pili ni namna inavyosoma. Modeli haisomi herufi wala maneno, inasoma vipande viitwavyo tokeni, vilivyokatwa kwa kufuata ni mfuatano gani wa herufi hutokea mara nyingi katika data, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Neno "hatutawalipisha" linaweza kukatwa vipande vitano au sita bila kujali kwamba "ha-" mwanzoni ndiyo inayogeuza maana yote. Matokeo ya mfukoni ni haya: makampuni hutoza kwa idadi ya tokeni, na maandishi ya Kiswahili hutumia tokeni nyingi kuliko Kiingereza chenye maana ileile. Msikubali makisio ya mzabuni. Chukueni kurasa 100 za sheria au miongozo iliyopo kwa lugha zote mbili, zipitisheni kwenye kikata-tokeni cha programu inayouzwa, gawanyeni hesabu ya Kiswahili kwa ya Kiingereza. Mkipata 1.8, bajeti iliyoandaliwa kwa mfano wa Kiingereza ina pengo la asilimia 80, na kumbukumbu ya mashine katika mazungumzo marefu itajaa mapema kwa kiasi kilekile.

Ya tatu ni njia ya pembeni. Baadhi ya mifumo inayouzwa kama ya Kiswahili hutafsiri swali kwenda Kiingereza, hulijibu huko, kisha hulirudisha. Mwulizeni mzabuni waziwazi, na jibu liwe kwenye mkataba. Kiswahili hakitaji jinsia katika "amefika". Kiingereza kinalazimisha kuchagua, na mashine huelekea kumfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke. Katika barua ya kawaida si neno. Katika faili la mgonjwa au shauri la mirathi ni neno kubwa.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa wizara ya afya, ni saa. Mgonjwa anaandika kwamba ameambiwa ameze dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kila mtu hapa anajua hiyo ni dozi ya kila baada ya saa 12. Mfumo uliojengwa juu ya Kiingereza unaweza kuweka kikumbusho cha 02:00 mahali pa 20:00. Kosa ni la saa sita kamili, na halionekani kwa sababu sentensi inayomrudia mgonjwa bado inasema "saa mbili usiku". Hata modeli ikielewa, programu ya kalenda iliyo nyuma yake huhifadhi muda kwa saa za kimataifa, na mara nyingi hakuna mahali palipoandikwa ni sehemu gani ya mfumo yenye jukumu la kugeuza. Ongezeni "laki mbili unusu" katika maombi ya mkopo, "kesho kutwa" katika miadi ya kliniki, na tofauti ya "hakumeza" na "hajameza", ambapo la pili linaacha mlango wazi kwamba atameza. Hayo ni maneno ya kila siku kaunta.

Kisha kuna kubuni. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Sababu moja kubwa imo katika namna modeli zinavyofunzwa na kupimwa: jibu sahihi hupata 1, jibu baya hupata 0, na "sijui" hupata 0 vilevile. Kwa mtihani wa namna hiyo kubahatisha kunalipa kila mara. Kwa hiyo msipime hivyo. Jibu sahihi lipewe +1, "sijui, muone afisa" lipewe 0, jibu baya lipewe −2. Kwa kanuni hiyo kubahatisha kunalipa tu pale uhakika unapozidi theluthi mbili. Kwa dozi za dawa wekeni −10.

Hilo linatuleta kwenye kipimo chenyewe, na hapa tutakaa kidogo.

Kwa huduma moja, tuseme kujibu maswali ya bima ya afya, andaeni maswali 600. Nusu yatoke katika maombi halisi yaliyokwishapokelewa, majina na namba zikiwa zimefutwa. Mia na hamsini yawe mitego ya aina tulizozitaja: saa, laki, tarehe, ukanushi. Yaliyobaki yawe maswali yaleyale yaliyoandikwa upya kama watu wanavyoandika kwenye simu, kwa vifupisho, kwa Kiswahili cha Pemba, cha Mwanza, cha Lamu, kwa Sheng ya Nairobi. Jibu likibadilika kwa sababu mwulizaji ameandika "xaxa" badala ya "sasa", mmepata tundu. Kila swali liulizwe mara tano kwa nyakati tofauti, kwa kuwa mashine hizi zina bahati nasibu ndani yake na jibu la pili linaweza kulipinga la kwanza.

Majibu yasahihishwe na watu wawili wasioonana, mmoja mjuzi wa huduma, mwingine mjuzi wa lugha, na wa tatu aamue wakitofautiana. Pimeni makubaliano yao kwa kipimo cha Cohen (kappa), ambacho huondoa makubaliano ya bahati tu na hufikia 1 wakikubaliana kabisa. Kikishuka chini ya 0.6, simamisheni zoezi, mwongozo wa kusahihisha haueleweki na alama zozote mtakazopata ni za kubahatisha. Makosa yatengwe kwa madhara: la uandishi, la maana, na la kumdhuru mtu. Msiyajumlishe kuwa asilimia moja ya kupendeza. Programu yenye "usahihi wa asilimia 97" inaweza kuwa imeweka makosa yake yote katika dozi za watoto.

Ukubwa wa sampuli si mapambo. Kosa la asilimia 5 lililopimwa kwa maswali 600 lina ukingo wa takriban asilimia 1.7 juu na chini. Kwa maswali 100 ukingo ni zaidi ya asilimia 4, yaani hamjui kama ni 1 au 9. Na mashine isipokosea hata mara moja katika maswali 300, hesabu bado inaruhusu, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi cha kosa kifikie asilimia 1. Ofisi inayohudumia watu 40,000 kwa mwezi, hiyo ni watu 400. Mzabuni anayekuja na maonyesho ya maswali 20 aliyoyachagua mwenyewe hajaonyesha kitu.

Maswali hayo 600 yasiwekwe kwenye intaneti, yasipelekwe kwa barua pepe kwa mzabuni, na robo yake ibadilishwe kila mwaka. Modeli hizi zimesoma karibu kila kilichopo wazi, pamoja na mitihani ya miaka iliyopita na majibu yake. Mkiambiwa programu imepata daraja la kwanza katika mtihani wa kidato cha nne wa zamani, badilisheni namba, majina na mpangilio wa maswali kisha ipeni tena. Alama zikianguka, ilikuwa imekariri, jambo ambalo walimu wetu wanalijua vizuri kwa wanafunzi wa kawaida.

Kuhusu kusaka wadanganyifu, tunawaomba mfanye hesabu hii kabla ya mkutano wowote na wauzaji. Wanufaika 100,000, wadanganyifu wa kweli asilimia 1, yaani 1,000. Mashine inawakamata 95 katika kila wadanganyifu 100, na inawasingizia watu 5 katika kila wema 100. Itakamata wadanganyifu 950. Itawasingizia 4,950. Katika kila watu sita walioandikiwa barua, watano hawana hatia. Mashine hiyo ni nzuri sana kwa viwango vya soko, na bado hairuhusiwi kusimamisha malipo ya mtu yeyote. Kazi yake iishie kupanga foleni ya faili ambazo afisa atazisoma.

Na afisa azisome kweli. Kila mzabuni atawaambia kuna "binadamu anayehakiki". Afisa aliyepewa faili 200 kwa siku ya saa nane ana dakika 2.4 kwa kila faili, bila chai wala swala. Mashine ikiwa sahihi mara 95 katika 100, baada ya wiki chache mkono wake utabonyeza "kubali" wenyewe. Hilo halina uhusiano na uvivu, ni tabia ya macho ya binadamu yanaposubiri kosa lisilokuja. Dawa yake inajulikana: chomekeni faili mbili katika kila mia zenye kosa la makusudi, na pimeni ni ngapi zinakamatwa. Zikipita zaidi ya robo, hakuna uhakiki hapo, kuna saini tu. Inasaidia pia afisa aandike uamuzi wake kabla ya kuonyeshwa wa mashine, japo wasimamizi wengi hawapendi kwa kuwa kasi inapungua.

Sheria si kikwazo. Zipo upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutokuwa chini ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa maamuzi ya namna hiyo. Kinachokosekana ni fomu na mtu. Barua ya kukataliwa iandikwe kwa Kiswahili, itaje sababu halisi, itaje kama kompyuta ilihusika, na itaje cheo cha afisa wa kukatiwa rufaa na siku za kujibu. Wananchi wameshazoea kuambiwa dirishani kwamba "mfumo haukubali". Kauli hiyo ipigwe marufuku katika barua yoyote rasmi.

Katika mkataba, mambo ambayo mawakili wa ununuzi huyasahau kwa sababu hayafanani na ununuzi wa magari: toleo la modeli litajwe kwa namba, na mzabuni asilibadilishe bila taarifa ya siku 30 na kipimo kipya, maana modeli hubadilishwa nyuma ya pazia na iliyofaulu Januari inaweza kuanguka Juni. Kumbukumbu za kila swali, jibu, toleo na saa zihifadhiwe kwa muda usiopungua kipindi cha rufaa, na ziwe mali ya ofisi. Mazungumzo ya raia yasitumike kufundishia modeli za mzabuni. Mkataba ukivunjika, ofisi iondoke na data yake katika muundo unaosomeka na programu nyingine. Na kuwe na njia ya kuendesha huduma kwa mikono siku mfumo ukizimika, iliyofanyiwa majaribio angalau mara moja kwa mwaka na maafisa walewale watakaokuwa zamu.

Gharama ya kipimo tunachokieleza ni ndogo: wiki nane, wasahihishaji sita, mratibu mmoja na mtakwimu wa muda. Vyuo vyetu vikuu vina watu hao, na mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pale Zanzibar zinaweza kusimamia sehemu ya lugha, ili kipimo kimoja kitumike pande zote mbili za mpaka badala ya kila wizara kuanza upya. Kingine kinachohitajika ni data safi ya Kiswahili: kumbukumbu za Bunge, hukumu, miongozo ya afya, vitabu vya kiada. Nyingi zimelala kama picha za kurasa ambazo kompyuta haiwezi kuzisoma. Zikiwekwa kama maandishi ya kawaida, chini ya leseni inayoruhusu utafiti, zitafanya zaidi kwa Kiswahili cha mashine kuliko kongamano lolote.

Tunaomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wenu bila sheria mpya. Ofisi yoyote ya umma isiweke mfumo wa akili mnemba mbele ya wananchi kabla ya kipimo cha Kiswahili kufanywa na watu wasiolipwa na mzabuni. Matokeo yachapishwe kabla mkataba haujasainiwa, makosa ya kudhuru yakiwa yametajwa moja moja, ingawa maswali yenyewe yabaki siri. Na kwa mifumo ambayo tayari inafanya kazi, mtangaze orodha: inafanya nini, ya nani, toleo gani, na ni afisa wa cheo gani anayejibu kwa maamuzi yake. Kama kuna ombi ambalo mnaona haliwezekani, tunaomba mtuambie kwa maandishi ni lipi na kwa nini, nasi tutakuja na watu wetu na kompyuta zetu kulifanyia majaribio mbele yenu.

Wenu,
Wataalamu wa kompyuta, takwimu na isimu ya Kiswahili